Chemshabongo Huharibikia kwa Anayeuliza

Aliyekulia penye vitendawili anaijua kanuni kabla hajafundishwa. Mmoja anasema "Kitendawili!", wenzake wanaitika "Tega!", anatega, wanabahatisha, na wakishindwa anadai mji. Akishapewa mji anaufikia kwa maneno, anakula na kunywa huko, kisha anarudi na jibu. Waganda nao husema "Koyi koyi!" na kuitikiwa "Lya!". Makundi ya WhatsApp na Telegram yanayoulizana maswali ya maarifa ya jumla kwa zamu, kuanzia Kampala na Jinja hadi Arua, yanacheza mchezo uleule wa mababu. Kilichobadilika ni kwamba penye moto mtegaji huona nyuso. Anajua nani anafikiri, nani amekata tamaa, nani anacheka pembeni kwa kuwa analo jibu. Kwenye simu haoni kitu ila herufi, na kila jambo lililokuwa likimalizwa na macho sasa lazima limalizwe na kanuni iliyoandikwa mapema.

Mengi ya makundi haya yalianza kwa shughuli nyingine kabisa: kutazama ndege, kucheza sataranji, kuendesha baiskeli, kutunza bustani. Jioni moja mtu anauliza swali lisilohusiana na chochote, wengine wanajibu, na baada ya muda kuuliza kunapata saa yake. Makundi yaliyodumu na yaliyokufa yakilinganishwa, tofauti haiko katika wingi wa watu wenye akili. Iko kwa anayeuliza. Jibu baya hupita na kusahaulika, lakini swali baya huzaa ubishi wa saa nzima, na baada ya ubishi wa namna hiyo watu watano wanazima milio ya kundi na hawarudi tena.

Kwanza zamu yenyewe. Kuna njia mbili zinazofanya kazi. Ya kwanza ni aliyepata ndiye anayeuliza. Ina joto, inakwenda haraka, na inafaa pale watu wanaocheza kweli jioni hiyo ni sita hadi kumi na wawili. Ubaya wake ni kwamba wajuzi watatu huanza kupeana zamu wao kwa wao huku wengine wakigeuka watazamaji. Dawa yake ni rahisi: aliyekwisha kuuliza mara mbili jioni hiyo, akipata tena anachukua alama lakini zamu anamkabidhi mtu ambaye hajauliza, na anamtaja kwa jina. Njia ya pili ni orodha. Majina yanapangwa, kila jioni ina mwulizaji mmoja, naye analeta maswali kumi aliyoyaandaa mchana. Hii ni bora kwa kundi la wachezaji zaidi ya kumi na watano, na ndiyo inayotoa maswali mazuri, kwa sababu mtu amepata muda wa kuyapima. Kuchanganya njia zote mbili katika jioni moja huleta vurugu, kwa sababu hakuna anayejua nani anangojewa.

Kinachovunja zamu mara nyingi ni kutoweka. Mtu anapata jibu, anapongezwa, kisha kimya: bando limekwisha, umeme umekatika na kifaa cha intaneti cha nyumbani kimezima, au mtandao umekwenda na mvua. Asilaumiwe. Kundi liwe na kipimo kinachojulikana: dakika tatu za kusema "nipo", dakika tano zaidi za kuleta swali. Zikipita, zamu inakwenda kwa wa pili aliyejibu sawasawa, na asipokuwepo inakuwa zamu huru, yaani yeyote mwenye swali tayari aseme "natega" na awe wa kwanza. Msimamizi naye awe na akiba ya maswali ishirini yaliyopimwa, ya kuzibia mapengo. Akiba hiyo inawasaidia pia wenye haya. Mtu anayejua kujibu lakini anaogopa kuuliza apewe moja la akiba alirushe kwa jina lake, na mara ya pili ataleta lake mwenyewe.

Saa ya kuanza nayo ina mtego wake. Waganda wengi wanaoandika Kiswahili wamesoma kwa Kiingereza, kwa hiyo "saa 3 usiku" mmoja anaielewa kama saa tatu ya Waswahili na mwingine anaona usiku wa manane. Tena kundi la Kiswahili halikomei mpakani. Goma, Bukavu, Bunia, Kigali na Bujumbura ziko nyuma ya Kampala kwa saa moja, na Juba pia tangu Februari 2021. Tangazo lisiloleta matatizo huandikwa hivi: "Leo saa tatu usiku ya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam (21:00), saa mbili usiku ya Goma, Kigali na Juba (20:00)." Ni mstari mmoja tu, lakini bila huo mwenzenu wa Bukavu atafika saa nzima baadaye, mchezo ukiwa umekwisha.

Sasa swali, maana ndilo kiini. Swali zuri la chemshabongo limefungwa: lina jibu moja, na mtu mwenye ubishi hawezi kupenya. Maswali yanayoonekana rahisi ndiyo yenye matundu mengi. Chukua hili: "Waziri mkuu wa kwanza wa Uganda alikuwa nani?" Nusu ya kundi itaandika Milton Obote, maana ndiye aliyekuwa waziri mkuu siku ya uhuru. Nusu nyingine itaandika Benedicto Kiwanuka, maana alishika cheo hicho mapema mwaka huohuo wa 1962, nchi ilipopata serikali ya ndani kabla ya uhuru kamili. Wote wana hoja. Lifunge kwa kuuliza, "Nani alikuwa waziri mkuu wa Uganda tarehe 9 Oktoba 1962?" Vivyo hivyo kwa rais wa kwanza. Wengi hukimbilia Obote, ilhali wa kwanza ni Mutesa II, aliyeshika urais mwaka 1963. Na kutoka hapo linazaliwa swali tamu kuliko yote mawili: siku ile ya uhuru, mkuu wa nchi kikatiba alikuwa nani? Ni Malkia Elizabeth II, akiwakilishwa na Gavana Mkuu Walter Coutts. Mtu anayeijua historia kwa juujuu atateleza, anayeijua vizuri atatabasamu, na hakuna wa kubisha.

"Chanzo cha Mto Nile kiko wapi?" ni swali la kuepuka. Mtu wa Jinja ana jibu lake na ana haki nalo, lakini Mto Kagera unaleta maji katika Ziwa Viktoria kutoka milima ya Burundi na Rwanda, na wapo wanaohesabu chanzo kuanzia huko. Uliza badala yake: "Mto Nile unatoka Ziwa Viktoria karibu na mji gani?" Sasa ni Jinja na hakuna njia nyingine. Kuuliza mto mrefu kuliko yote duniani, Nile au Amazon, ni kuwasha moto kwa makusudi, kwa kuwa wapimaji wenyewe hawakubaliani.

Kuna maswali ambayo yalikuwa sahihi zamani na yakaoza bila mwulizaji kujua. Nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikuwa tatu, zikawa tano Rwanda na Burundi zilipojiunga mwaka 2007, kisha Sudan Kusini ikaingia 2016, Kongo ya Kinshasa 2022 na Somalia 2024, jumla nane. Mwenye kitabu cha shule cha zamani atasema tano na ataapa. Mji mkuu wa kisiasa wa Burundi sasa ni Gitega, na Bujumbura imebaki ya biashara. Mji mkuu wa Kazakhstan ulibadilishwa jina kuwa Nur-Sultan mwaka 2019, ukarudishiwa Astana mwaka 2022. Afrika Kusini ina miji mikuu mitatu: Pretoria, Cape Town na Bloemfontein. Idadi ya wilaya za Uganda imekuwa ikipanda mara kwa mara kiasi kwamba ni afadhali kuliacha swali hilo. Kinga ni kutia mwaka ndani ya swali: "Kufikia mwisho wa 2024..." Maneno manne hayo yanaokoa jioni. Hata Olimpiki ina mtego: michezo inayoitwa ya Tokyo 2020 ilifanyika mwaka 2021, kwa hiyo ukiuliza mwaka ambao Peruth Chemutai alishinda dhahabu ya mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, sema kama unataka mwaka wa jina au mwaka wa kalenda.

Matundu mengine yanatoka ndani ya Kiswahili chenyewe, na hapa mtu anayechukua swali la Kiingereza na kuligeuza neno kwa neno huumia zaidi. "Mkono wa binadamu una mifupa mingapi?" Kwetu mkono ni kuanzia begani hadi ncha za vidole, na pia ni kiganja na vidole tu. Kuanzia kifundo hadi ncha za vidole ni 27. Ongeza mfupa wa juu na miwili ya chini ya kiwiko, inakuwa 30. Mguu ni vilevile: kuanzia kifundo kushuka ni 26, na mguu mzima kuanzia paja ni 30 ukihesabu na mfupa wa goti. Usipotaja unaanzia wapi na kuishia wapi, umeuliza maswali mawili kwa pamoja. Sayari nazo zinachanganya. Zuhura na Zohali zinafanana kwa sauti ilhali moja iko karibu na jua kuliko sisi na nyingine iko mbali sana. Utaridi wengine huiita Zebaki kwa kufuata jina la metali. Andika "sayari iliyo karibu zaidi na jua" na upokee majina yote mawili. Korongo mwenye taji, ndege wa taifa la Uganda, atajibiwa kwa Kiswahili, kwa Kiganda "ngaali" na kwa Kinyankole "entuuha". Yote ni sahihi, na kundi la Uganda linaloyakataa majina hayo linajinyima utajiri wake.

Hata sayansi ya darasani inahitaji kufungwa. Maji huchemka kwa nyuzi ngapi? Mia moja, kila mtu anajua, ila ni katika usawa wa bahari. Kampala iko kwenye mita zipatazo 1,190, na sufuria ya hapo huchemka kwa nyuzi 96 hivi, kwa sababu hewa inayoukandamiza uso wa maji ni pungufu. Swali lenyewe linapendeza zaidi likiulizwa hivyo: kwa nini maharage huchelewa kuiva Kabale kuliko Mombasa? Jibu la "kwa nini", hata hivyo, ni gumu kutoa alama, kwa hiyo liache kwa mazungumzo ya baada ya mchezo.

Ikweta inapita katika nchi ngapi za Afrika? Saba, ukihesabu São Tomé na Príncipe, ambako inakatiza kisiwa kidogo cha kusini. Wengi watasema sita kwa kusahau kisiwa hicho. Swali hili ni halali kwa sababu kosa liko kwa mjibuji, na mwulizaji anaweza kuzitaja zote: São Tomé na Príncipe, Gabon, Kongo ya Brazzaville, Kongo ya Kinshasa, Uganda, Kenya, Somalia. Hiki ndicho kipimo cha haraka cha swali lolote: je, unaweza kulieleza jibu kwa sentensi moja isiyo na "inategemea"?

Kabla ya kulituma, mwulizaji makini anafanya mambo machache kwa utaratibu. Analiandika kwanza pembeni, kwenye daftari la simu, pamoja na jibu na namna zote za kulitaja atakazozikubali. Analitafuta jibu sehemu mbili zisizonakiliana. Kisha analisoma swali kama mtu anayetaka ugomvi. Hatua hiyo ya mwisho inachukua nusu dakika na ndiyo watu wengi huiruka. Halafu analituma lote kwa ujumbe mmoja, kwa mfano:

"Swali la 7. Alama 2. Sekunde 90. Kilele cha Margherita ndicho kirefu kuliko vyote katika nchi mbili. Nchi zipi? Zote mbili zinahitajika. Jibu kwa kunukuu ujumbe huu. Jibu moja kwa kila mtu."

Jibu ni Uganda na Kongo ya Kinshasa, maana kilele hicho cha mita 5,109 kiko mpakani. Kila neno katika ujumbe huo lina kazi. Namba ya swali inamsaidia aliyechelewa kujua mmefika wapi. "Zote mbili zinahitajika" inaondoa madai ya nusu alama. Kunukuu kunalifunga jibu na swali lake, kwa sababu mtu mwenye mtandao mbovu anaweza kulipokea swali la 7 wakati wenzake wako la 9, na jibu lake lisiponukuu linaonekana upuuzi. Ujumbe usigawanywe vipande vitatu. Vipande vinaweza kuingiliwa na salamu za mtu mwingine katikati, na swali likapotea.

Nani alijibu kwanza? Hapa pana kutoelewana kwingi, na chanzo ni cha kiufundi. Simu mbili haziwezi kutegemewa kuonyesha ujumbe kwa mpangilio uleule. Jibu ulilolituma ukiwa huna mtandao linakaa kwenye skrini yako juu kabisa, kana kwamba umewahi, ilhali kwa wenzako linaingia dakika mbili baadaye. Wewe unaona umeshinda na wao wanaona umechelewa, na hakuna anayesema uongo. Kwa hiyo kanuni iwe moja: simu ya mwulizaji ndiyo saa ya kundi. Alivyoona yeye ndivyo ilivyokuwa. Ujumbe uliohaririwa haupati alama, hata kama aliyehariri amesahihisha herufi moja tu. WhatsApp inaruhusu kuhariri kwa dakika 15 na inaweka alama ya kuonyesha hivyo, basi alama hiyo itumike kama mpaka. Jibu lililofutwa nalo limekufa.

Njia iliyo safi zaidi ni kumtumia mwulizaji jibu kwa faragha ndani ya muda uliotajwa, naye akatangaza wote waliopata. Inaondoa kunakiliana na inaondoa mbio, kila aliyejua anapata alama. Inapunguza msisimko, ni kweli, na mwulizaji anapokea ujumbe kumi na mbili kwa dakika moja. Kwa maswali matatu ya mwisho ya jioni, yenye alama nyingi, inafaa sana. Kura za WhatsApp, kwa upande mwingine, zinavutia macho lakini hazifai kwa kuhesabu alama. Kila mtu anaona wengine wamebonyeza wapi, na mpiga kura anaweza kubadilisha. Watu humfuata anayeaminika kuwa mjuzi. Telegram ina kura ya aina ya jaribio ambapo ukichagua umechagua na jibu sahihi linaonekana hapohapo, hiyo ni afadhali. Maswali ya kweli au uongo ni bora kuyaacha, kwani asiyejua kitu anapata nusu kwa bahati.

Kuhusu kutafuta majibu kwenye Google au kuuliza programu za akili mnemba: kufupisha muda hakusaidii kama watu wanavyodhani. Mwenye vidole vyepesi na mtandao mzuri anatafuta na kujibu ndani ya sekunde ishirini. Ukiweka sekunde kumi na tano, unayemwadhibu ni mzee wa Kitgum mwenye simu ya zamani, na mwizi anabaki palepale. Kinga iko katika umbo la swali. Swali linaloweza kunakiliwa na kubandikwa lilivyo litatafutwa lilivyo. Swali lenye hatua mbili linahitaji kufikiri kwanza: "Miaka mingapi ilipita kati ya dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki na ya pili?" Lazima umkumbuke John Akii-Bua, Munich 1972, kisha Stephen Kiprotich, London 2012, uondoe, upate arobaini. Au: "Chukua idadi ya nchi zinazopakana na Uganda, jumlisha idadi ya mistari ya bendera yake." Tano na sita, kumi na moja. Angalia kwamba hapo imesemwa mistari. Ungesema rangi, mtu angekumbusha duara jeupe la katikati na manyoya ya korongo, na angekuwa na haki.

Ukimshuku mtu, usimtaje mbele ya kundi. Kosa la kumshutumu asiyekosa ni kubwa kuliko alama mbili zilizoibwa. Msimamizi amwandikie faragha, kwa heshima, "Ndugu, jibu lako limekuja na maneno ya kitabu," na mara nyingi hilo linatosha. Zawadi za airtime huongeza tatizo hili. Zinaleta wachezaji kwa wiki moja na kuondoa imani kwa mwezi mzima. Jina lililobandikwa juu ya kundi Jumapili jioni ni zawadi nzuri zaidi, na watu wazima kabisa hulipigania.

Tahajia ipimwe kwa sikio. Jibu likisomwa kwa sauti na likasikika kama jina lenyewe, lipokelewe, maana si haki kumnyima alama aliyeandika maporomoko ya "Ripon" kwa p mbili. Mpaka ni pale kosa la herufi linapoangukia kitu kingine kilichopo: Niger na Nigeria, Gambia na Zambia, Austria na Australia. Hapo aliyekosea amekosea. Jina moja la mtu linatosha likiwa halimgusi mwingine. "Obote" linatosha. "Kiprotich" halitoshi, wakimbiaji wa jina hilo ni wengi. "Mutesa" lazima liwe na namba, kwa kuwa wa kwanza ndiye aliyempokea mvumbuzi Speke mwaka 1862 na wa pili ndiye rais. "Okello" kwa mapinduzi ya Julai 1985 halitoshi hata kidogo, maana Tito na Bazilio wote walikuwemo.

Kwa maswali ya namba ambayo hakuna anayeijua kwa kichwa, tumia kanuni ya aliye karibu zaidi. Kila mtu aseme namba moja, na itangazwe mapema nini kitafanyika wawili wakiwa karibu sawa, mmoja juu na mmoja chini. Kanuni ya kawaida ni aliyetangulia kutuma. Maswali haya yanawapa nafasi wasiojua, na moja au mawili kwa jioni yanaweka uhai.

Ugumu. Kati ya maswali kumi, matatu yawe ya kufungulia mlango, matano yahitaji kukumbuka, mawili yaumize kichwa, na magumu yasifuatane. Majibu manne yakiingia ndani ya sekunde tano, lilikuwa jepesi, hakuna ubaya. Maswali matatu mfululizo yakikosa mjibuji, watu wanaweka simu chini na hawazichukui tena usiku huo. Mpira wa Uingereza uwekewe mpaka, mawili kwa kumi yanatosha, vinginevyo utameza kila kitu na wanaopenda mimea, muziki au jiografia watahama.

Njia bora ya kulibeba swali gumu ni ngazi ya vidokezo. Alama tano bila kidokezo, tatu baada ya cha kwanza, moja baada ya cha pili, na dakika mbili kati ya ngazi na ngazi. Vidokezo vianzie mbali. Jibu likiwa Akii-Bua, anza hivi: "Katika fainali alipangiwa njia ya ndani kabisa, ile ambayo wakimbiaji wengi hawaipendi kwa sababu kona yake ni kali." Kisha: "Alikuwa mtu wa kwanza kukimbia mbio zake chini ya sekunde 48, saa ilisoma 47.82." Mwisho: "Uwanja wa michezo wa Lira una jina lake." Kidokezo cha kwanza kinampa nafasi mpenda riadha, cha pili mwenye kumbukumbu ya namba, cha tatu mtu wa nyumbani. Wote watatu wamecheza swali moja.

Picha na sauti zitumike kwa kiasi. Picha moja isiyobanwa hula data kuliko maswali ya maandishi ya jioni nzima, na wengi wamezima upakuaji wa moja kwa moja, kwa hiyo wataiona baada ya jibu kutolewa. Ikiwa ni lazima, ikate ibaki sehemu muhimu na uieleze pia kwa maneno. Picha mashuhuri iliyochukuliwa mtandaoni itatambuliwa na programu ya kutafuta kwa picha. Uliyoipiga mwenyewe ni salama zaidi.

Ubishi ukitokea, upewe dakika tano zinazopimwa kwa saa. Anayepinga aseme kwa adabu, "Mzee, samahani, swali hili lina majibu mawili," alete na uthibitisho. Ikibainika kwamba swali lilikuwa na tundu, linafutwa, hakuna aliyepata wala aliyekosa, na mwulizaji anabaki na zamu yake alete jingine. Hilo la kubaki na zamu ni muhimu sana. Akinyang'anywa, kila mwulizaji atalitetea swali lake bovu mpaka usiku wa manane. Akiachiwa, atakubali kosa haraka. Alama zihifadhiwe na mtu ambaye jioni hiyo hachezi, na ajumlishe baada ya kila swali la tano, maana jumla inayofanywa mwishoni kutoka kumbukumbu ya watu kumi haijawahi kukubalika. Maswali ya dini, kabila na siasa za leo yasiulizwe. Vyeo vya falme vinaweza kuulizwa vizuri, mathalani kumpanga Kabaka na Buganda, Omukama na Bunyoro na Tooro, Kyabazinga na Busoga, Omusinga na Rwenzururu, mradi swali libaki kwenye vyeo tu.

Na swali la mwisho la usiku, lililoshinda kila mtu pamoja na vidokezo vyake, limalizwe kwa mji. Makundi yaliyoirudisha desturi hii yameiongezea sharti moja: mwulizaji anayepewa mji lazima aseme mambo matatu ya kweli kuhusu mji huo kabla ya kutoa jibu, bila kutafuta. Anapewa Fort Portal. Anaandika: "Nimefika Fort Portal. Mji wa Tooro. Una jina la Gerald Portal. Umekuwa jiji tangu 2020. Nimekula, nimeshiba, nimeona Rwenzori kwa mbali." Wenzake wanayapima matatu yale. Moja likiwa si kweli, anapewa mji mwingine. Yakipita, anatoa jibu, anabaki na zamu, na kesho saa tatu usiku, 21:00 ya Kampala, yeye ndiye anayetega kwanza.